Zikishuka, Unapiga

Kwako Bwana Tulia, mume wangu wa mbali,

Sisi wazima. Bomba la jikoni limetengenezwa, na mama yako amepata miwani mipya. Sasa anaona vumbi lote nililokuwa nikilificha chini ya kabati.

Kazi ya cherehani inaendelea. Wiki ile hisa zetu ziliposhuka vibaya, wateja wangu waliuza zao mbiombio kana kwamba nyumba inaungua. Mimi nikakaa nasubiri simu yako, na kweli ukapiga. "Tulia, mke wangu. Tulizinunua za uzeeni, si za wiki hii. Usiuze." Nikajifanya nina hofu ili uendelee kunituliza. Ukanieleza upya yote ninayoyajua, mpaka ukacheka, nami nikaisahau pasi juu ya suruali ya mwalimu. Nimemnunulia kitambaa kingine, na sijutii.

Usinicheke. Siku hizi nikisikiliza habari za soko redioni, naomba zishuke. Zishuke kidogo tu, nikusikie sauti. Zikiwa juu hupigi. Unadhani niko salama.

Sitauza, usiwe na shaka. Nitazishika mpaka uzeeni, kama tulivyokubaliana. Ila uzee wenyewe naona unanijia peke yangu.

Jana zilipanda tena. Mama yako alifurahi, akanikumbatia. Nikaingia chumbani nikaiweka simu kwenye chaji, na ilikuwa imejaa.

Mimi wako,
Fundi