Mtunzi Hajulikani Alikuwa Jikoni Sib

Somo,

Huko uliko sidhani kama mnaulizana habari za televisheni, lakini hii itakubidi uisikilize, maana hapa sina tena wa kumwambia. Wanangu wakiona nimeanza tu hutazamana. Mama, yale yamepita. Kwangu hayajapita. Kabla ya harusi ya mjukuu wako walionyesha kipindi kizima juu ya nchi yetu na yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Kiarabu, tangu mwaka wa kwanza tuliopeleka mwimbaji mpaka leo. Nilikaa na kikombe changu cha chai nikingojea wakutaje. Chai ikapoa, kipindi kikaisha, na wewe hukutajwa.

Walianza na yule bwana mnene wa kilemba cha zambarau, aliyeimba kafumba macho, tukatoka karibu na mkia. Unakumbuka ulivyosema, tumekaa sebuleni kwako Sib: "Huyu kaenda kuimba au kaenda kutangaza msiba?" Mwaka uliofuata wakapeleka fidla tele na vijana wa kuitikia, tukawa mkia wenyewe. Halafu mtangazaji akabadilisha sauti, akaweka ile ya heshima, akasema sasa tunafika kwenye fahari yetu. Nikajua hapo ni wewe.

Wakamleta mtaalamu, mtu wa ndevu zilizochongwa na vitabu vimepangwa nyuma ya mgongo wake. Akaeleza kuwa mahadhi ya wimbo ule ni ya mabaharia wa bandari ya Sur, wa zama za mababu, waliyaimba wakivuta nanga, na kwamba mwenye sikio akitulia atasikia humo kishindo cha mawimbi. Mawimbi, somo. Ulikuwa mwiko wako ukikwangua sufuria.

Mie nilikuwapo. Ilikuwa harusi ya binti wa dada yako, iliyofanywa kwako, na mama wa bwana harusi akaja kutoka Ansab na midomo yake: sinia halijajaa, nyama ngumu, wali umeshika chini. Uliingia jikoni ukaanza kukwangua ukoko, na huku unakwangua unaguna, na mguno ukashika njia. Ukaniambia, "Somo, nishikie pigo." Nikakushikia kwa mgongo wa sahani. Jioni ya hina ukatoka nao mbele ya wanawake wote, na mimi nyuma yako na ngoma:

Kala wali kala nyama, na ukoko autaka,
Mwenye haya hutosheka, asonayo huzunguka.

Watu walicheka mpaka kanga zikawaporomoka. Mama wa bwana harusi naye alicheka, angefanya nini. Mlangoni alikuwapo mtu wa kupekua mikoba, isiingie kamera wala kinasa sauti, kama ilivyo desturi yetu: sauti ya mwanamke ibaki kwa wanawake. Kwa hivyo wimbo wako haukunaswa popote. Uliingia vifuani mwa waliokuwapo, na wengi wao sasa wako nawe huko.

Angeuiba mgeni, ningelala usingizi. Lakini aliyeuchukua ni Nasser, mwanao, niliyemlisha uji kwa mkono huu huu. Alikuwa ameshaingizwa kwenye kamati ya kuchagua wimbo wa nchi. Ijumaa moja kaja kula kwako, akakusikia unaosha mchele na unaguna yale mahadhi, akasema, "Mama, nayachukua haya." Ukacheka. "Chukua, baba, chukua na ukoko wake." Ulidhani atakwenda kuyapigia mluzi garini. Akayapigia mluzi kwa mpangaji wa ala. Mshairi mmoja akayavika maneno ya Kiarabu juu ya milima na mitende na ardhi ya mababu, wakamtafuta kijana mwenye koo zuri, na wimbo ukapanda ndege.

Jioni ya mashindano sebule yako ilijaa. Yule kijana alipopandisha sauti kwenye yale maneno "nchi yangu", mimi nikasikia ukoko, nikakufinya paja, na wewe ukajifunika mtandio usionekane unavyocheka. Nchi nzima ikainuka na wimbo wa kumsuta mwanamke mmoja wa Ansab. Tukawa wa tatu. Mtaani magari yakapiga honi, majirani wakaleta halwa, na mpaka leo hatujafika tena hapo. Tunakwenda, tunaimba, tunarudi mapema.

Halafu yakapita majina kwenye televisheni. Mwimbaji fulani. Maneno ya fulani. Ala kazipanga fulani. Mahadhi: turathi, mtunzi hajulikani. Ulikuwa umekaa pale, sahani ya kashata mapajani. Uliinuka ukaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Nasser alipoulizwa alishangaa kuulizwa. "Ningekutajaje, mama? Wale wote wanaume." Na hilo ndilo linalonikaba, kwamba hakuwa anasema uongo. Kwetu mwanamume hamtaji mama yake kwa jina mbele ya wanaume. Bora umtukane kuliko umlazimishe. Aliona amekufunika vizuri. Alikupenda, huyu. Alikupeleka Hija, alikujengea chumba cha chini usipande ngazi, na akakufuta. Na wewe ukaniambia, "Mwache, somo. Kanisitiri. Nna haja gani mie ya kutajwa?"

Lakini hukuimba tena. Kwanza lilikuwa koo, kisha kifua, kisha umri. Ukawa unakuja harusini unakaa na wageni, unakula halwa, unatazama mikono yangu kwenye ngoma. Nikikupa jicho unageuka unauliza mtoto wa nani yule. Mtu aliyeridhika hanyamazi namna ile, somo. Mimi nimekujua tangu skuli Unguja, kabla hatujahamia huku, tulipoanza kuitana somo hata watu wakadhani majina yetu mamoja. Ulikuwa huwezi kuchambua mchele kimya. Miaka yote ile ya mwisho nyumba yako nilikuwa nikiingia nasikia kiyoyozi tu.

Ulipokufa Nasser alilia mpaka wakamkalisha. Wanaume wakampa pole ya Umm Nasser, maana hivyo ndivyo walivyokujua, kwa jina lake yeye. Wanawake hatukwenda makaburini, lakini nimeambiwa umewekewa mawe matatu kama wanawake wote wa hapa, bila maandishi. Hilo halinichomi. Pale hata tajiri hana jina, mmelala sawasawa. Kwenye televisheni hakuna usawa huo. Mwimbaji ana jina, mshairi ana jina, hata yule mtaalamu wa mawimbi jina lake lilikaa chini ya kidevu chake muda wote aliokuwa akisema. Hajulikani ni mmoja tu.

Kipindi kilipokwisha nikamwambia mwanangu anipeleke Qurum. Nasser sasa ni mtu mkubwa, nyumba yake ina milango ambayo sijui inakwenda wapi. Alinipokea vizuri, kahawa, halwa, mto wa kuegemea. Nikamwambia: wapigie simu hao wa kipindi, waambie mahadhi ni ya mama yako, na hili ndilo jina lake. Nikalitaja lote, lako na la baba yako. Akashusha macho kama niliyemvulia nguo. "Khaloo," akaniambia, kama mtu amwitavyo dada wa mama yake, "wataka nimtaje mama yangu mbele ya wanaume? Mwenyewe hakutaka."

Nikamwambia, wake wa Mtume tunawataja mimbarini, kila mmoja kwa jina lake, na wanaume wamejaa msikiti. Kuna aliyevunjiwa heshima? Akanimiminia kahawa nyingine ilhali kikombe changu nilikwisha kukitikisa kuwa nimetosheka. Nikajua mazungumzo yamekwisha. Heshima gani hii, somo, ambayo anayeheshimiwa hapewi chochote? Angalau mwizi anajua kuwa kaiba.

Basi nikangojea harusi. Juzi tumemwoza Shamsa wake, mjukuu wako, ukumbi wa hoteli, huko huko Qurum. Wanawake watupu, simu zote zimekusanywa mlangoni, na binti wa kukodiwa anapiga nyimbo kwa mashine. Katikati akaupiga ule, sauti ya yule kijana na milima yake, wasichana wakainuka kucheza. Nikaenda nikamwambia zima, nipe maikrofoni. Mke wa Nasser kanishika mkono wa nguo, nikamwachia ashike. Nikasema wimbo huu umetungwa na bibi yake bi harusi, nikakutaja, nikasema umetungwa jikoni kwake Sib, na kwamba si wa baharia yeyote. Kisha nikauimba, kama ulivyokuwa, na ukoko wake.

Sauti yangu imekwisha, unajua haikuwa kitu hata zamani. Meza ya wazee wenzetu walicheka mpaka wakafuta machozi, na Bi Rukia, aliyekuwapo jioni ile ya hina, akapiga kigelegele cha Unguja hasa. Meza nyingine zote zilipiga makofi ya adabu. Ndipo nikatambua kuwa yote niliyasema kwa Kiswahili. Hasira ikipanda hicho ndicho kinachonitoka, na wasichana wale wa leo Kiswahili hawakijui. Kwao nilikuwa kizee kinafurahi.

Shamsa akaja na gauni lake zito kunibusu kichwa. Akaniambia kwa Kiarabu, bibi, umeugeuza vizuri wimbo wa mabaharia. Nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Kiarabu, polepole, neno baada ya neno: si wa mabaharia, ni wa bibi yako, kautunga yeye na kauimba yeye. Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganya siku.

"Bibi yangu? Bibi alikuwa haimbi."

Amekua nyumba moja nawe, amelala mapajani pako, na hajakusikia hata mara moja. Hakusema uongo yeye pia. Katika jambo hili lote hakuna hata mmoja aliyesema uongo isipokuwa yule wa mawimbi, na yeye anaamini.

Kwa hivyo hata wewe nna ugomvi nawe. Ulimsamehe mwanao, sawa, ni wako, tumbo lako. Lakini ulimsamehe kwa kunyamaza, na huo ukimya ndio urithi uliomwachia mtoto wake wa kike. Ungeimba jikoni tu, mlango umefungwa, angesikia. Ungemsuta hata mume wangu, nisingejali. Umeniachia mimi kazi ya kukujua peke yangu, na mimi mtu wa ngoma, si mtu wa maneno. Bi Rukia naye magoti yamekwisha. Tukiondoka sisi wawili, yule bwana wa ndevu atakuwa amesema kweli.

Nimekwisha kumwambia Shamsa akirudi safari aje kwangu, bila baba yake. Kasema inshallah, na wewe unajua inshallah ya vijana. Akija nitaanzia kwenye sufuria. Asipokuja nitaendelea kuimba harusini kwa watu mpaka waache kunialika, na kila nitakapoimba nitakutaja kwanza, kwa Kiarabu, ili asiwepo wa kusema hakufahamu.

Ulale, somo. Mola akurudishie sauti yako huko ambako hakuna wa kukusitiri. Mimi Nasser sijamsamehe na sina haraka. Idi ikifika atakuja kunisalimia kama kila mwaka, na wakubwa wenzake wamemfuata nyuma kwa kanzu nyeupe, na mimi nitatoka mpaka mlangoni nimpokee mbele yao wote, kwa sauti: karibu, mwana wa Zuwena binti Khalfan.