Nilipomkuta Baba Mkwe Kimandolu

Jumamosi usiku, Julai. Sombetini.

Baridi ya leo ni ile ya kupika umejifunga kitenge mabegani. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki, na modemu inasuasua. Lakini lazima niandike leo leo. Moyo umejaa shukrani, nikilala nazo nitapasuka.

Mnaonisoma hapa mnajua habari zangu na viroba. Hamnijui jina, na mume wangu haijui blogu hii, kwa hiyo nasema bila kupepesa macho. Vile vipakiti vya pombe kali vinauzwa hata kwenye kibanda cha chumvi na sabuni, nami nilikuwa navificha kwenye mfuko wa aproni yangu ya saluni. Juzi nilimsahau mteja na dawa ya nywele kichwani mpaka akapiga kelele. Nikaogopa. Nikaenda zahanati, na nesi akanieleza kwamba kuna vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Kimoja kinakutana hapa hapa Sombetini. Mimi nikachagua cha Kimandolu, upande wa pili wa mji, ili nisikutane na mtu anayenijua.

Akili za mlevi hizo! Mimi ni Mchaga niliyeolewa na Mmeru. Wakwe zangu wanalima kahawa na ndizi huko juu mlimani, na wakishuka mjini wanapitia wapi? Kimandolu.

Basi leo nimemuaga mume wangu kwamba nakwenda kununua dawa za saluni. Nimefika kwenye darasa la chekechea nyuma ya kanisa, nimesukuma mlango, na mtu wa kwanza kumwona, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani, ni baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Nuru."

Nimerudi nyuma hatua moja.

Kwa ambao hamjaolewa kwenye ukoo wa namna hii: mbele ya baba mkwe sisemi neno la aibu, sikai naye benchi moja, na jina lake silitamki. Sasa ningesimamaje pale niseme mimi ni mlevi? Nimemnong'oneza Mama Upendo, anayeongoza kikundi, kwamba nimekosea mlango. Naye amenishika mkono, hajauachia. Nilikuwa najua vizuri kabisa ningeishia wapi kama ningetoka. Kibanda kilikuwa ng'ambo ya barabara, na hela ninayo.

Hapo baba amesimama. Nilidhani anaondoka kwa hasira. Amebeba kile kiti kidogo mpaka nje, akakaa chini ya dirisha, akatugeuzia mgongo.

"Mama Upendo," amesema kutoka kule nje, "mwache mwanangu aongee. Mimi huku sisikii."

Anasikia vizuri sana. Huyu mzee anasikia mbuzi akikata kamba shambani.

Nimeongea. Nimesema neno lile ambalo sijawahi kumwambia hata mume wangu, na niliponyamaza hakuna aliyecheka wala kushtuka. Dada mmoja anayeuza mitumba amenimiminia chai ya tangawizi, akaniambia yeye viroba alikuwa anavificha kwenye unga. Nimelia, nikacheka, nikalia tena.

Muda wote huo nauangalia ule mgongo dirishani na koti linavyolowa.

Zamu yake ilipofika ameingia akitetemeka. Nimenyanyuka haraka, nimpishe, nami nikakae nje kama alivyofanya yeye.

"Kaa, mwanangu," amesema. "Nje kuna baridi."

Nimekaa. Nimeinamisha kichwa nikitazama sakafu, maana macho yangu sikujua pa kuyaweka.

Baba akataja jina lake. Hapa pia siliandiki. Akasema mbege ya kwenye sherehe, ile pombe ya ndizi, ndiyo aliyoanza nayo, na sasa anakunywa hata pasipo sherehe, peke yake, nyuma ya banda la ng'ombe.

Pale kuna desturi: mtu akishajitaja, wote humwitikia kwa pamoja, "Karibu," na jina lake. Wote wakalitaja. Mimi mdomo ulikataa. Sauti yangu ikabaki nyuma, peke yake, darasa zima likaisikia:

"Karibu, baba."

Akafunga macho. Kisha akaitikia, "Asante, mama," na akaendelea kusimulia.

Tumeagana mlangoni kama tunavyoagana siku zote. Hakuna aliyemwomba mwenzake atunze siri.

Nilipokuwa napakua chakula cha usiku, mume wangu amesema kesho baada ya ibada twende tukamwone baba, kwa sababu siku hizi anamwona hayuko sawa.

"Baba hajambo," nimemjibu.

"Umejuaje?"

Nimemwongezea mboga.

Amelala sasa, namsikia akikoroma. Asubuhi, kabla hatujaondoka, nitamkalisha nimwambie leo nilikuwa wapi na nimesema nini. Habari zangu nitazisema mimi. Za baba atazisema baba mwenyewe, siku atakayotaka, na siku hiyo mimi nitakwenda kukaa nje.