Mahali pa Kumpokea Milembe

Jumatatu, 2 Juni
Bariadi yote naijua nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba wananigombania nikapange kwao. Uongo. Nina mwezi mmoja hapa, ninachokijua ni choo cha binti yangu Kabula na kibanda cha kahawa. Nalala sebuleni kwake, chini ya runinga. Leo tena mkwe kapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kwa Wasukuma haifai mkwe amkute baba wa mkewe kajifunga shuka. Kasimama uani mpaka nivae suruali. Nimeivaa polepole, makusudi.

Jumatano, 4 Juni
Simwoti mke wangu. Kule kijijini Zagayu Milembe alikuja kila wiki, miaka sita tangu tumzike. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanisema weee, akaondoka. Nyumba ile mvua imeilaza chini. Hapa runinga inabwabwaja hadi wote wasinzie. Marehemu gani mwenye adabu atapita katikati ya watu wanaoshangilia goli? Nataka chumba. Kimoja. Kimya. Cha bei ya mzee.

Ijumaa, 6 Juni
Dalali kanitembeza. Chumba cha kwanza kina vigae, na kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo. Nikamwambia mwenye nyumba sina hakika hata na miwili. Nilidhani atacheka. Kafunga mlango. Cha pili kimepakana na mashine ya kusaga. Cha tatu wakazitazama mvi zangu, wakasema kimeshachukuliwa. Dalali akanieleza njiani: wanaogopa nitafia ndani, halafu nani atapanga tena?
Imeniuma.
Malori ya pamba yalikuwa yanapita. Nyuzi zinaelea, zinatua kwenye nyaya, kwenye vichwa vya watu. Mji mzima ukaota mvi kama mimi. Nikasimama nautazama hadi dalali akachoka, akaniacha.

Jumapili, 8 Juni
Nimesinzia kanisani. Nikamwona Milembe, mgongo tu, anawauliza watu njia. Nimeamka nalia. Kabula kadhani ni mahubiri. Nimemwacha adhani.

Jumanne, 10 Juni
Mama Naomi, mjane, Mnyiramba. Ana chumba cha uani alichokuwa analelea vifaranga. Kinanuka. Kina dirisha la mashariki. Kodi naiweza. Kanikagua kama ng'ombe wa mnadani.
"Mzee, wewe utanifia humu."
Wengine walisema nyuma ya mgongo wangu. Huyu kasema usoni. Nikajua nimefika.
"Si ndiyo kazi yako, mtani? Msukuma akifa, Mnyiramba ndiye wa kuja kumcheka msibani. Nikafie mbali, ukose nauli?"
Kacheka hadi kakalia ndoo. Akasema siku hiyo atavaa suruali yangu, apite mbele ya waliao akichechemea kama mimi. Nikamwomba aifue kwanza. Nitalipa mwezi kwa mwezi. Ufunguo kautupa mchangani, ili Msukuma amwinamie Mnyiramba. Nimeinama.

Alhamisi, 12 Juni
Nimehama. Mkwe kabeba godoro mwenyewe, tena mbio. Sikujua kama binti yangu kaolewa na mchapakazi. Kabula kalia kidogo. Nimemwambia siendi Ulaya, ni mitaa miwili.

Jumamosi, 14 Juni
Kimya. Unyoya mmoja wa kifaranga unazunguka kwenye mwanga wa dirisha, hautaki kutua. Nimeutazama asubuhi nzima. Chai imepoa.
Bado sijamwota. Labda yupo njiani, anauliza.
Milembe, usihangaike na watu. Fuata pamba iliyodondoka barabarani, ukiona geti la bati la bluu, ingia. Pita hadi uani. Mnyiramba akikutania usimjibu, mtakesha. Mlango sijaukomea.
Na usijifanye umesahau. Wiki ile ya mwisho ya uhai wako nilikukuna mgongo, ukasinzia kabla ya zamu yangu. Njoo unikune. Pale katikati, mkono wangu haufiki.