Utepe wa Kona ya Kanisani

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tulishinda mbio za magari – kwa sekunde chache tu! Kaka Wilson alimaliza wa kwanza, Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kisha matokeo yakabadilishwa. Baba Mdogo Sifael, mwamuzi wa kona ya kanisani, ameandika kwamba gari letu lilikata kona, likapita ndani ya utepe wa kuzuia njia. Tumeongezewa muda. Tumekuwa wa nne.

Baba ndiye kiongozi wa timu. Akashika kipaza sauti cha redio. Akasema yule si mwamuzi, ni mwizi. Ana wivu tangu walipogawana kihamba, shamba la ukoo. Mdogo wake wa tumbo moja! Kirua nzima imesikia.

Jumapili, 15 Juni

Ibadani Baba Mdogo alikaa benchi la nyuma. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, mwanangu – bila kunitazama. Nje Gladys wa kwaya akaniuliza kama na mimi nagombea kihamba. Wenzake wakacheka.

Jumanne, 17 Juni

Kamati ya mashindano imepiga simu. Timu iombe radhi kabla ya Jumapili, la sivyo Kaka haendeshi tena msimu huu. Baba anasema hata wamfungie maisha.

Bibi akamwambia akate jani la isale, lile la kuombea msamaha, ampelekee mdogo wake. Isale halikataliwi, ugomvi utaisha. Baba akafoka: tangu lini mkubwa akampelekea mdogo isale? Bibi akajibu, tangu mkubwa alipokosa adabu redioni. Nilitaka kucheka. Sikuthubutu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeosha gari. Nyuma ya gurudumu – kipande cha utepe, chekundu na cheupe, kimejisokota kwenye chuma. Nikamwonyesha Kaka. Akakichomoa, akakigeuzageuza. Kisha akasema aliusikia ukikatika. Alitaka kusema, ila Baba alikuwa ameshashika kipaza sauti.

Ee Mungu, mpe moyo wa kumwambia Baba.

Jumamosi, 21 Juni

Kaka ameweka ule utepe mezani, kando ya chai ya Baba. Sasa yuko mpakani mwa shamba na panga, amekata isale. Baba amemfuata. Nipo dirishani, nawasikia.

“Unalipeleka wapi?”

“Kwa Baba Mdogo.”

“Kwani wewe ndiye uliyemtukana?”

“Hapana, Baba.”

Baba amelishika. Kaka hajaliachia. Bibi ananiita, naye anataka kwenda, viatu vyake vya kanisani viko wapi? Nao bado wamelishika, wote wawili –