Kabla Hujamfukuza Kimya

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini kwamba wewe, mama watoto na watoto wote mu wazima. Mgongo uliokuwa ukikusumbua darasani umepoa? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limegeuka mtabiri wa mvua, na halijakosea hata mara moja. Kazini bado najalidi vitabu vya maktaba. Macho yanachoka, mikono bado inatii.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilisikitika, ya pili nikakasirika, ya tatu nikaanza kushuku, na ya nne nikachukua penseli.

Unasema ng'ombe majike ni ishirini na wawili, na mwaka huu wamezaa ndama sita tu, baada ya kumi na mmoja mwaka jana na kumi na saba mwaka juzi. Unasema ndama wanaibwa, na mwizi ni mchungaji wetu, Kimya. Aliyegundua ni shemeji yako. Na mwisho wa mwezi Kimya ataondoka, kazi yake ishikwe na shemeji yako huyo huyo. Mwanangu, nimezeeka lakini sijarudi utotoni. Anayemgundua mwizi ndiye anayerithi fimbo? Nauliza tu.

Kimya ametumikia zizi lile miaka ishirini. Tulimpa jina hilo kwa kuwa maneno yake ya siku nzima hayajazi kiganja. Hata hivyo watu wakimya nao huiba, kwa hiyo na yeye nilimshuku.

Lakini ng'ombe aliyezaa hafichiki. Unaweza kumwiba ndama, kiwele hakiibiki. Mama angelia siku tatu, na maziwa yangemjaa. Sasa, katika ukurasa wako wa pili, mkeo analalamika kwamba hata maziwa ya chai ya watoto hayapatikani. Basi ndama hao hawakuibwa. Hawakuzaliwa.

Wiki mbili hizi nilikuwa nakijalidi kitabu kinene cha mifugo. Gundi ikikauka, mimi nasoma. Nilishuku njaa kwanza, maana jike aliyekonda huku ndama anamnyonya huchelewa sana kurudi kwenye joto, yaani kumtaka fahali tena. Lakini malisho umeyasifu mwenyewe, na kwenye picha uliyonitumia mbavu hazihesabiki. Nikashuku ugonjwa wa kutupa mimba. Hukutaja jike hata mmoja aliyetupa, ingawa hilo sijalifuta. Ndipo nikaiona sentensi uliyoiandika kwa mzaha, kwamba majike wetu hawana haya, kila baada ya wiki tatu wanamtaka fahali upya. Huo si mzaha. Jike mwenye mimba hana haja na fahali. Hawa wanapandwa, mimba haishiki.

Nikafika kwenye tusi. Unasema Kimya alinitukana mbele yenu wote: "Bwana Mkubwa amechoka. Anapanda, anashuka, kazi haionekani. Tafuteni kijana." Na shemeji yako akaruka: "Umesikia? Mjomba wako huyo anatukanwa na mtu anayekula kwake!"

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mpwa wangu, mimi mlianza kuniita Bwana Mkubwa nilipokwisha kuja huku. Siku niliyoondoka, miaka kumi na mmoja sasa, nilimkabidhi Kimya fahali wa miaka miwili nikamwambia, "Haya, huyu ndiye Bwana Mkubwa hapa." Wewe ni mwalimu, zizini huenda mara moja kwa mwezi, ungejuaje? Mtu wa watu hakunitukana. Alikuwa anatoa ripoti.

Kicheko kilikatika nilipopiga hesabu. Fahali huyo ana miaka kumi na mitatu, na wengi wa majike hao ni binti zake na wajukuu zake. Mbona hakuuzwa zamani? Nilikwisha kumshuku Kimya, shemeji yako, na, unisamehe, hata wewe. Alibaki mtu mmoja. Katika barua yangu ya kwanza kutoka huku niliandika: "Fahali huyu asiuzwe wala asichinjwe mpaka nirudi." Kimya alisomewa, akatii. "Mpaka nirudi" ndiyo iliyowatia ng'ombe wangu ugumba.

Basi Kimya asiondoke. Mwombe radhi, kwa maneno machache, asije akachoka kuyasikiliza. Mwite daktari wa mifugo apime mbegu za fahali na damu ya majike, maana huenda nimepata nusu ya jibu tu. Fahali auzwe, na aletwe kijana asiye wa ukoo ule. Shemeji yako akipenda kazi, amsaidie Kimya kuandika tarehe za kupandwa. Tuone kama bado ana bidii ya kugundua.

Na ile "mpaka nirudi" ifute. Chumba changu mlichokifunga kunisubiri kifungueni, watoto walale humo.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na mkeo. Shemeji yako pia, ila umtazame usoni unapomsalimia. Mungu awape zizi lenye makelele ya ndama, hata mkose usingizi.

Wako akupendaye,
Mjomba,
Bwana Mkubwa wa miguu miwili