Upande wa Kushoto Bado Umelala

"Fundi wenu amewafungia springi za zamani," Njoki, Mama Maina wa mlango wa pili, alikuwa ananiambia, naye jirani yetu Lusweti akamkatiza: "Mama Maina, mimi nilizishika zikiwa na grisi ya duka. Hiyo gari ina mtu."

Triza, hizo ndizo kelele zilizokuamsha. Maharagwe yako kwa sufuria, pasha. Baba asiguse pikapu.

Imebadilishwa springi, shoki na bushi, zote mpya, lakini bado imelala nyuma kushoto kama imebeba mzigo, na haina hata gunia. Lusweti akauliza zamani ilikuwa inafanya kazi gani. Baba yako akainama, akasema ilikuwa inapeleka maiti Bungoma. Na unajua vile sisi husafirisha marehemu: kwa kila mto anaambiwa tunavuka, na nyumbani anaambiwa tumefika, shuka. Nafikiri kuna mmoja hakuambiwa.

Jumamosi Baba anataka kuwabeba nyinyi huko nyuma mpaka kwa Kukhu, nyanya yenu. Hamtakaa na huyo marehemu. Nimeenda Ziwani kumuuliza aliyetuuzia hiyo pikapu, kama anajua jina la huyo mtu.

~~Msikaribie gari.~~ Hapana, huyo ni mgeni tu, na nyumba yangu haijawahi kumwacha mtu nje na njaa. Nikichelewa, pakua sahani moja zaidi, simama huo upande wa kushoto, useme polepole: "Tumefika, mwenzetu. Shuka, karibu ndani ule."

Mama