Dawa Aliyoitangaza Baba

Kalama, 10 Februari 2025

Kwa Mukai, mwaitu, mama yangu niliyemzaa mwenyewe,

Salamu nyingi. Hapa tuko wazima, ng'ombe amezaa. Jana nimetangaza kanisani kwamba binti yangu ametengeneza dawa ya kansa huko maabara Nairobi. Walipiga makofi! Jirani yetu Kaluki, na ile kansa yake ya tumbo, amesema hataki tena dripu za hospitali za kumtoa nywele. Anangoja chupa yako. Unaleta lini?

Baba yako, Muthoka

Nairobi, 14 Februari

Baba,

Habari ya nyumbani? Mgongo wa Mama umepoa? Sasa, Baba, mbona unanifanyia hivi? Naandika kwa sababu kwa simu unanikatia. Ile si dawa! Ni kingamwili ya utafiti. Kansa ikitoa protini yake kwenye damu, hiyo inaishika, nasi tunaiona. Basi! Ni kama mbwa: anabweka akiona mwizi, lakini hamfungi. Mwambie Kaluki arudi hospitali. Leo.

Mwanao, Mukai

Kalama, 20 Februari

Mwaitu,

Natumai uko salama na unakula. Usinipigie kelele, mimi ndiye niliyekuzaa. Kama inabweka, ilete ibweke hapa, pengine kansa itaogopa. Mzee wa kanisa hawezi kusimama aseme alikosea, watanicheka mpaka Konza. Na Kaluki ameongeza nguvu. Nywele zimeanza kuota.

Baba yako

Nairobi, 3 Machi

Baba,

Mko wazima? Mimi nimechoka na wewe! Nywele zinaota kwa sababu dawa ya dripu imeisha mwilini. Kansa imebaki. Nimempigia Kaluki mwenyewe, akanijibu, "Mzee hawezi kudanganya madhabahuni. Wewe unanificha tu." Hanisikii mimi, anakusikia wewe. Simama palepale uliposimama, uyakane maneno yako. Ukishindwa, usiniandikie tena.

Mukai

Kalama, 25 Aprili

Mwaitu,

Nakusalimu kwa aibu. Kila Jumapili nilienda nimejipanga, na kila Jumapili nikaishia kutangaza sadaka tu. Siku ya Pasaka, kanisa limejaa, nikasimama nikasema niliwadanganya, hakuna dawa. Hakuna aliyecheka.

Jana nimempeleka Kaluki hospitali. Daktari amesema kansa imeshafika kwenye ini. Akamuuliza kwa ukali, "Mama, miezi hii yote ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeketi kando yake. Kaluki akasema alikuwa anapanda mahindi.

Baba yako